Picha za filamu ya rangi zimetoka vibaya? Anza na negativi, si skana

Faili limetoka kwenye skana na vivuli vimejaa chenga, nyuso zinavuta kijani, anga limepauka. Wengi hapo hukimbilia programu na kuanza kuvuta vitelezi. Ngoja kwanza. Programu inayogeuza negativi (ukanda wa filamu uliosafishwa, wenye mwanga na giza vilivyopinduliwa) kuwa picha hukisia: sehemu nyepesi kuliko zote, inayopitisha mwanga mwingi, inaifanya nyeusi, sehemu nzito kuliko zote inaifanya nyeupe, kisha inanyoosha kilichobaki katikati. Ndiyo maana fremu iliyonyimwa mwanga na fremu iliyozidishiwa mwanga zinaweza kufika kwenye skrini zikiwa na ung'avu uleule. Kosa la kamera, kosa la dawa na kosa la skana yakishapita hapo hufanana kama mapacha. Kwenye negativi yenyewe hayafanani hata kidogo.

Soma ukanda kabla ya kugusa chochote

Weka ukanda juu ya meza ya mwanga. Kama huna, fungua ukurasa mweupe kwenye tableti, pandisha ung'avu hadi mwisho, na inua ukanda sentimita tatu au nne juu ya skrini ili vitone vya skrini visionekane. Chukua lenzi ya kukuzia.

Usianze na picha. Anza pembeni, kwenye jina la filamu na namba za fremu. Maandishi haya yalichomwa kwa mwanga kiwandani, kabla filamu haijaingia kwenye kopo lake. Lenzi yako haikuyagusa wala shata yako (pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga) haikuyapitisha. Kilichoyatokeza ni dawa peke yake. Kwa hiyo yanakuambia habari za usafishaji bila kuchanganya na habari za kamera.

Maandishi yamekolea, kingo zake kali, lakini picha ni nyepesi: filamu ilisafishwa vizuri, kamera ndiyo iliyoinyima mwanga. Maandishi yamefifia pamoja na picha: tafuta kosa kwenye dawa, yaani joto lilikuwa chini, muda ulikuwa mfupi, au divelopa (dawa inayotokeza picha) imechoka. Maandishi mazuri na hakuna picha hata moja: filamu haikusogea ndani ya kamera, au shata haikufunguka. Hakuna maandishi wala picha, ukanda mtupu wa rangi ya chungwa: divelopa haikufanya kazi kabisa, au blichi na fiksa (dawa zinazoondoa fedha ya filamu) zilitangulia. Ukanda wote mweusi hadi kwenye matundu ya pembeni: filamu ilipigwa na mwanga kabla ya kusafishwa.

Sasa ingia ndani ya fremu. Tafuta mahali palipokuwa na kivuli ambacho ulitaka kionekane, mfano nywele nyeusi au chini ya mti, upalinganishe na mwanya ulio kati ya fremu na fremu. Mwanya huo haukupata mwanga wowote. Kama kivuli chako kimelingana nao kwa wepesi, hapo hapana kitu, na hakuna skana itakayokitoa.

Vivuli vya matope, chembe kubwa, weusi usio mweusi

Hii ndiyo dalili inayojitokeza kuliko zote, na chanzo chake karibu kila mara ni mwanga mdogo wakati wa kupiga. Kila tabaka la rangi kwenye filamu limegawanywa ndani yake: kuna sehemu yenye kasi iliyobeba chembe kubwa, na sehemu za polepole zenye chembe ndogo. Ukiipa filamu mwanga kidogo, sehemu ya kasi tu ndiyo inayoamka, kwa hiyo vivuli vinachorwa na chembe kubwa peke yake. Tena tabaka la bluu, la kijani na la nyekundu hayaishiwi nguvu kwa pamoja. Moja likikata kabla ya mengine, kivuli kinashika rangi: mara kijani, mara bluu chafu. Programu nayo, ikiona negativi nyepesi, inanyoosha kile kidogo kilichopo, na chembe zinatuna mbele ya macho yako.

Vyanzo vya kukagua, kwa mpangilio huu:

1. Kipima mwanga kilidanganywa. Kipima mwanga cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Mtu aliyesimama mbele ya dirisha, au mandhari yenye anga kubwa jeupe, hukifanya kipunguze mwanga stopu mbili au zaidi. (Stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili, au kuupunguza hadi nusu.)
2. ISO (namba ya wepesi wa filamu kushika mwanga) imewekwa vibaya. Kwenye kamera zinazosoma miraba ya fedha iliyo kwenye kopo la filamu, safisha vijiti vya chuma vinavyogusa kopo ndani ya kamera kwa kitambaa kikavu. Kopo lisilo na miraba hiyo, kamera nyingi hulichukulia kuwa ISO 100.
3. Betri si yake. Kamera nyingi za zamani zilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ukiweka ya alkali ya volti 1.5, kipima mwanga mara nyingi huona mwanga mwingi kuliko uliopo na kukuambia ufunge lenzi. Betri ya zinki-hewa inakaribia volti ile ya zamani zaidi.
4. Filamu imepitwa na muda. Kwa filamu iliyokaa kwenye joto la kawaida, kipimo kinachotumika sana ni kuongeza stopu moja kwa kila miaka 10. Hiyo huokoa vivuli. Haiwezi kurudisha rangi zilizokwisha kuharibika.

Dawa yake ni ukarimu wa mwanga. Filamu ya rangi ya negativi huvumilia kuzidishiwa stopu mbili hadi tatu bila malalamiko makubwa, lakini ikikosa stopu moja tu utaona, na ikikosa mbili picha imevunjika. Uvumilivu huo wa upande mmoja ndio wa kuutumia. Filamu ya ISO 400 ipige kama ya 200 na isafishwe kwa muda wa kawaida. Au elekeza kipima mwanga kwenye kivuli unachokitaka, usome, kisha punguza stopu moja kutoka hapo. Jua likiwa kali na huna kipima mwanga, uwazi wa lenzi wa f/16 na shata ya 1/ISO (1/400 kwa ISO 400) ndio msingi. Kwa filamu ya rangi anza na f/11.

Ukitaka kuijua filamu yako kwelikweli, tumia fremu sita. Simamisha kamera kwenye miguu mitatu, mbele ya kitu chenye kivuli, uso wa mtu na kitu cheupe. Piga kwa kipimo cha kawaida, kisha +1, +2, +3, halafu -1 na -2. Ukiziskani, funga mipangilio isijibadilishe kati ya fremu na fremu. Zikikaa bega kwa bega kwenye meza ya mwanga, utaiona ile ya -2: picha imeelea juu ya plastiki kama moshi, na mahali pa kivuli rangi ya chungwa ni ileile ya mwanya.

Kwa fremu iliyokwisha haribika, usihangaike kuvuta vivuli juu. Shusha kizingiti cha weusi hadi matope yawe meusi kabisa, punguza rangi kwenye vivuli peke yake, na ukubali picha yenye giza. Inatazamika vizuri kuliko matope.

Negativi nzito, mistari au chenga kwenye anga

Hapa mwanga ulizidi, na filamu imestahimili. Anayelemewa ni skana. Sehemu nzito hupitisha mwanga kidogo sana, hasa kwenye chaneli ya bluu (picha huwa na chaneli tatu: nyekundu, kijani na bluu), kwa sababu rangi ya chungwa ya filamu inakula bluu kabla haijafika kwenye kihisi. Ongeza muda wa mwanga wa skana, au washa uskani wa kupitia mara nyingi kama programu inao. Ukiskani kwa kamera, refusha shata. Skani kwa biti 16 kwa kila chaneli na uhifadhi TIFF: tofauti za mwanga ndani ya negativi ni finyu, na zikinyooshwa kutoka faili la biti 8 anga linakatika ngazi-ngazi.

Rangi zimepinda

Rangi ya chungwa ya ukanda si uchafu. Rangi za majenta (waridi-zambarau) na sayani (bluu-kijani) zinazojengeka kwenye filamu si safi. Kila moja hufyonza mwanga ambao haikupaswa kuufyonza. Viwanda viliweka ndani ya matabaka kemikali zenye rangi ambazo hupungua pale picha inapojengeka, ili kosa lile lifutike. Kwa hiyo rangi ya chungwa hupimwa, kisha husawazishwa chaneli kwa chaneli. Kuigeuza picha kwanza halafu kupambana na bluu iliyojaa kote ni kuanza kazi mwishoni.

*Rangi moja imelemea picha nzima.* Msingi wa filamu haukupimwa. Skani kipande kitupu cha ukanda huohuo: mwanya wa kati ya fremu, au mwisho wa roli usiopigwa. Ncha ya mwanzo iliyotoka nje ya kopo haifai, kwani imepigwa na mwanga na ni nyeusi. Kwenye VueScan, programu ya kuskani, elekeza fremu ya kukatia kwenye kipande hicho kitupu, funga kiwango cha mwanga, tazama tena, kisha funga rangi ya msingi wa filamu. Baada ya hapo fremu zote za roli zipite kwa mipangilio hiyohiyo.

*Kila fremu ina rangi yake, ingawa zilipigwa dakika moja.* Programu inasawazisha kila fremu kivyake. Fremu iliyojaa majani mabichi inaonekana kwake kama kosa la kijani, inaongeza majenta, na mtu aliyesimama katikati anageuka waridi. Jibu ni lilelile: funga mipangilio kwa roli nzima.

*Picha imepauka, haina weusi.* Kagua kama eneo la kukatia limegusa matundu ya pembeni. Kwenye tundu mwanga unapita bila filamu yoyote. Programu inauhesabu kuwa ndiyo sehemu nyepesi kabisa, na weusi wako halisi unabaki kijivu. Ukingo mweusi wa kishikilio nao huharibu upande wa pili, unafanywa uwe weupe na picha inakuwa giza. Kata ndani kidogo ya picha kabla ya kugeuza.

*Vivuli vina rangi moja, sehemu za mwanga zina rangi iliyo kinyume.* Hii ndiyo ngumu. Ukiponya vivuli vya kijani, nyuso zinakuwa majenta. Ukirudisha nyuso, vivuli vinarudi kijani. Hakuna kitelezi cha joto la rangi kitakachokusaidia, kwa sababu chaneli tatu hazipandi kwa mwinuko mmoja.

Kwanza jua kosa liko wapi: chukua negativi ya roli nyingine unayoiamini, uiskani kwa njia ileile. Ikitoka safi, skana haina hatia. Rudi kwenye dawa. Usafishaji wa C-41, njia ya kawaida ya filamu ya rangi ya negativi, unataka divelopa ya nyuzi 37.8 za Selsiasi kwa dakika 3 na sekunde 15, na joto lisiyumbe zaidi ya nyuzi 0.15 hivi. Divelopa iliyopashwa vizuri ikimiminwa kwenye tangi baridi inashuka mara moja, na matabaka hayaathiriki sawasawa, maana la juu linafikiwa kabla ya la chini. Pasha tangi na filamu ndani ya maji ya joto hilohilo dakika tano kabla ya kumimina, na uache tangi likae kwenye beseni la maji hayo muda wote. Divelopa iliyokaa kwenye chupa yenye nafasi kubwa ya hewa inaoza. Jaza chupa hadi shingoni.

Kama negativi ile nyingine nayo inapinda vilevile, kosa liko kwenye kugeuza. Skani upya kama picha chanya, data ghafi bila kusahihishwa gama (marekebisho ya ung'avu), kisha ugeuze kwa programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa mfano Negative Lab Pro. Ukilazimika kusahihisha kwa mkono, fungua kurva za nyekundu, kijani na bluu moja moja. Weka ncha ya giza na ncha ya mwanga za kila chaneli kwanza. Katikati pagusie mwisho.

*Njano au chungwa ndani ya nyumba usiku.* Filamu nyingi zimesawazishwa kwa mwanga wa mchana, karibu Kelvini 5500. Taa ya waya ina bluu kidogo mno, kwa hiyo tabaka la bluu linakufa njaa hata kama kipima mwanga kinasema yote sawa. Kichujio cha bluu cha 80A kinaponya hilo lakini kinakula stopu mbili. Bila kichujio, ongeza angalau stopu moja ili bluu ipate cha kushika, na usahihishe kwenye skani.

*Rangi hafifu, chembe nzito, negativi inaonekana ya kijivu-kahawia.* Fedha imebaki kwenye filamu kwa sababu blichi ilichoka, ilikuwa baridi, au muda ulikatwa. Utapata uthibitisho ukiwasha kifuta vumbi cha infraredi: rangi za filamu hupitisha infraredi, fedha haipitishi, basi programu inaona vumbi kila mahali na kuichafua picha. Kosa hili linatibika kabisa. Rudisha ukanda kwenye blichi mpya, uoshe, kisha fiksa mpya, uoshe tena, umalizie na dawa ya mwisho. Kazi yote inafanyika taa zikiwaka, na kuzidisha muda wa blichi hakudhuru.

Michirizi ya mwanga

Rangi ya mchirizi inakuambia mwanga uliingilia wapi. Tabaka la nyekundu ndilo lililo chini kabisa, karibu na plastiki. Mwanga ukipenya kutokea nyuma hukutana nalo la kwanza, na picha inapata mchirizi mwekundu au wa chungwa: kagua sponji za mlango wa kamera, hasa upande wa bawaba. Sponji za zamani hugeuka kuwa gundi nyeusi inayonata. Zikwangue kwa kijiti kilicholowa spiriti na ubandike mpya. Mchirizi mweupe kwa kawaida uliingia kutokea mbele. Kama unafika hadi kwenye matundu ya pembeni, mwanga uliingilia nje ya dirisha la fremu. Kama unaishia kwenye ukingo wa fremu kwa mstari ulionyooka, umepita njia ya lenzi au shata.

Upande mmoja wa fremu ukififia polepole kwenye kasi za 1/500 na 1/1000 tu, mapazia ya shata hayakimbii sawa, yanahitaji fundi. Nusu ya fremu ikiwa giza penye flashi, kasi ilizidi ile ya kulandanisha flashi. Kamera nyingi za zamani zinataka 1/60.

Mabaka mazito yanayoanza kwenye kila tundu la pembeni na kuingia ndani ya picha ni ya dawa, si ya mwanga: tangi lilitikiswa kwa nguvu mno na divelopa ikafoka kupitia matundu. Pindua tangi taratibu.

Ukungu, duara za upinde wa mvua, na kona zinazong'aa

Picha laini kutoka skana bapa kwa kawaida ni suala la kimo. Weka ukanda juu ya kioo kwa vimo tofauti, ukiongeza nusu milimita kila mara kwa vipande vya karatasi, na uskani sehemu ileile huku unoaji wa programu umezimwa. Chagua kimo ambacho chembe za filamu zinaonekana kali. Azimio usilipandishe bure: fremu ya milimita 24 × 36 kwa dpi (vitone kwa inchi) 2400 inatoa pikseli 3400 × 2270 hivi, na skana bapa nyingi za nyumbani haziwezi kuona undani wa zaidi ya hapo hata kama sanduku limeandikwa 6400.

Duara za rangi kama mafuta juu ya maji hutokea upande wa plastiki unaong'aa unapogusa kioo. Inua ukanda, au geuza upande wa dawa, ule usiong'aa, uelekee kioo, kisha pindua picha kwenye programu ili maandishi yasomeke. Ukanda uliojikunja ulaze chini ya vitabu vizito usiku mzima, ndani ya mfuko wake.

Kwa wanaoskani kwa kamera: taa yenye CRI (kipimo cha uaminifu wa rangi za taa) 95 au zaidi, lenzi ya karibu kwenye f/8, ISO 100, faili ghafi. Weka kioo cha kujitazamia mahali pa filamu na usogeze kamera mpaka lenzi ijione katikati yake yenyewe. Hapo filamu na kihisi viko sambamba. Ziba mwanga wote unaozunguka fremu kwa karatasi nyeusi. Pandisha mwanga mpaka msingi wa filamu ukaribie mwisho wa kulia wa histogramu (grafu ya ung'avu), ukiangalia chaneli ya nyekundu, kwani ndiyo inayofurika kwanza.

Kona zikitoka na giza kwenye picha iliyogeuzwa, ni lenzi ya kamera iliyopiga picha. Zikitoka ziking'aa, ni lenzi inayonakili au taa isiyosambaa sawa: kona zilipata mwanga mdogo wakati wa kunakili, negativi ikaonekana nzito pale, na kugeuza kukazifanya nyeupe. Ondoa filamu, piga taa tupu bila kubadili f, umbali wala fokasi, kisha tumia picha hiyo kusawazisha mwanga wa fremu zote kabla ya kuzigeuza. Ukifanya baada ya kugeuza, kona hazitanyooka.